Sungura wangu wa California ana doa mgongoni. Naweza kumpeleka Nane Nane?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mafinga, nimemaliza kidato cha nne, na nyuma ya nyumba yetu nafuga sungura kumi na mmoja. Kuna dume mmoja namwita Shujaa, ametimiza miezi saba. Ni mweupe, ila masikio, pua, miguu na mkia ni vyeusi, na macho ni mekundu. Nilimpima kwenye mizani ya bucha, akafika kilo 3.4. Kila anayekuja nyumbani ananiambia nimpeleke Nane Nane kule Mbeya. Shida ni kwamba mwezi Aprili alijikwaruza mgongoni kwenye waya, manyoya yakanyofoka, na yaliporudi yakaja ya kijivu kilichokolea, doa lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Jirani mmoja anasema nimwoshe na jiki, mwingine anasema nimpake rangi nyeupe. Sijawahi kushiriki maonesho yoyote. Nianzie wapi? Na je, nimpeleke pamoja na jike mwenye watoto ili banda lipendeze?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kumpima uzito kabla ya kuniandikia, maana wengi hunitumia picha tu, na picha haina kilo.

Nianze na jiki. Usimguse nayo hata tone. Inaunguza ngozi, na sungura hujilamba kutwa nzima, kwa hiyo kinachopakwa mgongoni jioni kinakuwa tumboni asubuhi. Rangi ya kupaka nayo iache. Ni udanganyifu, na jaji anayeijua kazi yake hupuliza manyoya mpaka ngozi ionekane, akajua rangi imeanzia wapi na imeishia wapi. Kwenye nchi zenye vyama vya wafugaji wa sungura, mnyama aliyepakwa rangi anatolewa mashindanoni hapo hapo.

Doa la Shujaa wala si uchafu, na hana ugonjwa. Limeletwa na baridi ya Mafinga. Sungura wa California wamerithi rangi yao kutoka kwa sungura wa Himalaya, na rangi hiyo ina tabia yake: kimeng'enya kinachotengeneza weusi mwilini mwao hakifanyi kazi penye joto. Mgongo, mbavu na tumbo vina joto, vinabaki vyeupe. Pua, masikio, nyayo na mkia hupoa haraka, basi huko ndiko weusi unakojitokeza. Ndiyo sababu vitoto vyao huzaliwa bila alama yoyote, kwani tumboni mwa mama ni joto kila mahali, na alama zinakuja wiki kadhaa baadaye. Rangi ya unyoya huamuliwa wakati unaota. Ukishaota mweupe, baridi haiugeuzi, na ukishaota wa kijivu, joto haliusafishi. Shujaa aliponyofoka manyoya, ngozi yake ilibaki wazi kwenye hewa ya mita karibu 1,900 juu ya usawa wa bahari, na manyoya mapya yakaota kwenye ngozi iliyopoa. Kuna jaribio la zamani kwenye masomo ya urithi, ambapo sungura wa Himalaya hunyolewa sehemu ya mgongo, akafungwa kitu cha baridi pale, na manyoya yakarudi meusi. Waya wa kizimba chako umelifanya jaribio hilo bila kukuomba ruhusa.

Litaondoka lini? Litakapopukutika lenyewe, na manyoya mapya yakaota huku yamezungukwa na manyoya mengine yanayotunza joto. Linaweza kuondoka kabla ya Agosti, linaweza lisiondoke. Usijaribu kulinyofoa ili uharakishe. Ukilinyofoa mwezi Juni, ngozi itakuwa wazi katika miezi ya baridi kali kuliko yote, na utapata doa jeusi zaidi ya hili. Kwa sababu hiyo hiyo, kama daktari wa mifugo atataka kumnyoa mahali kwa ajili ya sindano au kidonda, na afya yake inahitaji hivyo, mwache amnyoe, ila ujue alama itabaki kwa muda. Na huo waya uliomkwaruza ukunje au uukate leo.

Baridi hiyo hiyo ni mtaji wako, na hili ningependa wafugaji wa Mafinga, Njombe na Makete walijue. California aliyekulia kwenye joto la pwani mara nyingi pua na masikio hupauka, yakawa ya kahawia hafifu. Wa kwenu huku juu huwa na weusi uliokolea bila mfugaji kufanya lolote. Kazi yako ni kuuzuia weusi usihamie mahali pasipotakiwa: viota viwe na majani makavu ya kutosha na manyoya ya mama, vizimba vizibwe upande unaovuma upepo, na kusiwe na kitu cha kukwaruza.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, la kuanzia wapi. Anzia kwenye kujua sungura wako ni wa aina gani na aina hiyo inatakiwa iweje. Wageni wako wanamsifu Shujaa kwa sababu anapendeza. Jaji anayejua sungura halinganishi uzuri wa Shujaa na uzuri wa sungura wa jirani, anamlinganisha Shujaa na California aliyekamilika. Mfugaji akishalielewa hili, ananunua tofauti, anapandisha tofauti, na anaacha kugombana na majaji.

California alitengenezwa Marekani na mfugaji aitwaye George West, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1923 kwa kuchanganya sungura wa Himalaya na Chinchilla, na baadaye New Zealand White wakaingizwa. Alikuwa anatafuta nyama na ngozi nzuri kwa pamoja. Basi sungura huyu huhukumiwa kwa mikono kabla ya macho: mwili ndio unaobeba alama nyingi, rangi inafuata kwa mbali. Kwa viwango vya chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ambacho kipo tangu 1910, dume wa California aliyekomaa, yaani kuanzia miezi minane, awe kati ya kilo 3.6 na 4.5, na jike kati ya 3.9 na 4.8. Shujaa wako ana 3.4 akiwa na miezi saba, na ifikapo Agosti atakuwa na miezi kumi. Anahitaji kuongeza kidogo tu, na miezi iliyobaki inatosha bila kumlisha kupita kiasi.

Ungekuwa na Dutch, wale wenye mkanda mweupe mabegani, hesabu ingegeuka. Kwa Dutch alama nyingi ziko kwenye mipaka ya rangi. Flemish Giant naye akikosa ukubwa hana kitu, dume lazima afike kilo 5.9. Ndiyo maana nasema ujue aina kwanza.

Jioni moja tulivu, tandika gunia au kipande cha zulia juu ya meza asiteleze, umkague Shujaa kama atakavyokaguliwa. Kumbeba, shika ngozi ya mabegani kwa mkono mmoja na uweke wa pili chini ya makalio ubebe uzito wote. Asibebwe kwa masikio, hata kwa hatua mbili, na hata kama mjomba ndivyo alivyokufundisha. Sungura anaponing'inia hupiga teke kwa nguvu kuliko mifupa yake inavyoweza kuhimili, na uti wa mgongo huvunjika karibu na kiuno. Nimewaona waliovunjika hivyo. Hakuna anayepona akatembea sawasawa.

Akishatulia mezani, mkalishe: miguu ya mbele iwe usawa wa macho, ya nyuma iwe chini ya nyonga. Pitisha kiganja kuanzia shingoni. Mgongo upande taratibu, ufike juu kabisa kwenye nyonga, kisha ushuke kwa mviringo hadi mkiani. Ukihisi uti wa mgongo unachoma kiganja, hana nyama ya kutosha. Shika mabega, halafu shika mapaja: nyuma kutakuwa kupana kuliko mbele, lakini mabega yasiwe membamba kana kwamba ni ya mnyama mwingine. Halafu papasa manyoya kinyume, kutoka mkiani kwenda kichwani, uyaachie. Kwa California yanatakiwa yarudi yenyewe haraka. Yakibaki yamesimama au yakirudi kivivu, ni laini mno au anapukutika.

Kisha mgeuze chali, taratibu, kichwa kikiwa kimeegemea mkono wako. Fungua midomo kwa vidole: meno ya mbele ya juu yapite kidogo mbele ya yale ya chini. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, sentimita 10 hivi au zaidi kwa mwaka, na yasipokutana hayasagiki. Mwenye meno yaliyopishana hafai kwa maonesho, na asizalishwe, kwa sababu mara nyingi kasoro hiyo ni ya urithi. Hesabu kucha: ziko 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma. Ziwe za rangi moja, kwani ukucha mweupe katikati ya kucha nyeusi humtoa mnyama mashindanoni, hata awe na mwili mzuri namna gani. Tazama nyayo za nyuma kama kuna upara au kidonda. Hakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Na hakikisha ni dume kweli. Unacheka, lakini sungura walioandikwa jinsia isiyo yao ni wengi kuliko unavyofikiri. Bonyeza pembeni ya sehemu ya siri: ya dume huchomoza kama kimrija, ya jike huwa na mpasuko.

Mawili ya mwisho ndiyo yanayofichika. Chungulia ndani ya masikio kwa tochi ya simu. Ukiona magamba ya kahawia yaliyorundikana, huo ni ukurutu wa masikio unaoletwa na utitiri, na unaambukiza kizimba hadi kizimba. Halafu geuza miguu ya mbele utazame upande wa ndani. Manyoya ya pale yakiwa yameshikamana na kukakamaa, sungura huyo anafuta makamasi hata kama pua yake ni kavu wakati unamtazama. Sungura mwenye mafua haondoki nyumbani, kwa heshima ya sungura wa wenzako.

Na doa la mgongoni? Kwa California, weusi mgongoni ni kasoro nzito, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo ngozi yenye thamani. Mbele ya jaji anayefuata viwango, Shujaa mwenye doa hashindi. Kwa hiyo andaa mwingine pia. Kati ya kumi na mmoja ulionao, wakague wote waliofikisha miezi mitano kwa utaratibu huu, na usishangae ukikuta jike ambaye hakuna mgeni aliyemsifu ndiye mwenye mwili bora.

Sasa kuhusu Nane Nane yenyewe, nikueleze ilivyo ili usiende na picha isiyo yake. Maonesho ya kanda yetu hufanyika Uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, na mwaka 2022 na 2023 uwanja huo ulibeba maonesho ya kitaifa. Ni maonesho ya kilimo na mifugo yote kwa pamoja. Hutakuta meza ya sungura wa California peke yao iliyopangwa kwa umri na jinsia kama Ulaya au Marekani. Halmashauri zina mabanda yao, na mfugaji mdogo kwa kawaida huingia kupitia halmashauri yake. Kwa hiyo mlango wako ni afisa mifugo wa kata. Nenda kwake sasa, usisubiri Julai wakati orodha imeshafungwa. Mwombe aje awaone sungura nyumbani, mwoneshe daftari lako, na umuulize kuhusu kibali cha kusafirisha mifugo na ukaguzi wa afya kabla ya safari.

Daftari nimelitaja makusudi. Majaji wa mabanda na wageni watakuuliza maswali, na mfugaji anayejibu kwa kumbukumbu za kuandika anasikilizwa. Kila sungura awe na namba, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, uzito wa kila wiki, na dawa alizopewa. Nchi nyingine namba hutobolewa sikioni kwa wino wa kudumu. Wewe andika ndani ya sikio la kushoto kwa kalamu ya wino usiofutika na uirudie kila inapofifia. Hereni za mbuzi usizitumie, huchana masikio, na sikio lililochanika nalo ni kasoro. Kama hujui wazazi wa Shujaa walikuwa California wote wawili, andika kwenye kibao chake "chotara wa California". Hutadharauliwa kwa hilo. Na ukija kununua mbegu, nunua kwa mfugaji anayekuonesha wazazi na daftari. Anayekuahidi kuja kununua vitoto vyote kwa bei ya ajabu mkwepe, wengi wamelia.

Lakini kujifunza kuonesha sungura usikungojee Agosti. Tafuta wafugaji wenzako wa Mafinga, hata wawe watano, muweke siku moja ya Juni, meza moja, mizani moja, na mtu mmoja wa kuhukumu ambaye sungura wake hayumo. Kila mnyama apewe alama za mwili, manyoya, hali ya afya na rangi, na jaji aseme sababu kwa sauti huku mwingine anaandika. Huko kwenye maonesho makubwa ya sungura ndivyo wanavyofanya, na ni darasa ambalo hulipati kwa kusoma. Mwalikeni afisa mifugo. Utasikia neno "mabega membamba" likisemwa juu ya sungura wako mbele ya watu, utaumia kidogo, na mwezi ujao utachagua dume wa kupandisha kwa akili nyingine.

Mzoeshe Shujaa kuguswa kila siku, dakika chache tu, mezani, na watu tofauti. Sungura anayeshikwa na mtu mmoja peke yake huganda au hupiga teke akishikwa na jaji, na mwili uliojikunja kwa hofu hauonekani umbo lake. Washa redio karibu na vizimba, sauti ndogo kwanza, uipandishe siku hadi siku, kwa sababu kule uwanjani kuna vipaza sauti kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kuoga hapana. Sungura haogeshwi kwa ajili ya maonesho. Kizimba kikiwa kikavu, miguu hubaki misafi. Kama nyayo zimepata njano ya mkojo, zifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu wiki moja kabla, uzikaushe vizuri. Siku zenyewe, lowesha viganja kidogo sana, umpapase kutoka kichwani hadi mkiani na kurudi. Manyoya yaliyolegea yatabaki mikononi mwako.

Chakula nitasema kwa mkazo kwa sababu huku kwetu kuna hatari mbili zinazoota mlangoni. Majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, na miparachichi sasa imejaa kuanzia Rungwe hadi Njombe, matawi yakipogolewa yanaachwa chini. Majani ya viazi mviringo na maganda yaliyogeuka kijani nayo ni sumu. Majani ya viazi vitamu hayana shida. Msingi wa mlo uwe majani makavu safi, kisha mchunga na majani mabichi yaliyonyauka kidogo, na chakula cha vidonge kwa kipimo. Ukitaka Shujaa aongeze uzito, ongeza kidogo kidogo kuanzia sasa. Usibadilishe chakula wiki ya safari, na usimpe kabichi nyingi eti umkaribishe Mbeya. Tumbo likijaa gesi ndani ya basi utamzika njiani.

Dawa pia. Mafua au kuhara usitibu kwa kapsuli za amoksilini za binadamu. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa tumbo la sungura, na sungura hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Dawa za matone za viroboto na kupe wa mbwa zenye fiproni zinaua sungura. Ukurutu wa masikio hutibiwa kwa ivamektini, lakini kipimo apange mtaalamu wa mifugo kwa kilo za mnyama, na dozi hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Ndiyo maana ukaguzi wa masikio ufanyike Juni. Ukigundua tarehe 28 Julai umechelewa.

Kuhusu jike na watoto, hapana. Naelewa unataka banda lipendeze, na ni kweli watu wangejazana. Lakini vitoto vya wiki sita au saba viko kwenye umri wa kuacha kunyonya, tumbo lao ni jepesi kuharibika, na siku nane za kelele, vumbi na mikono ya watoto wa shule zitawamaliza. Jike aliyezaa Juni naye atakuwa ameng'oa manyoya ya kifuani na tumboni kutengeneza kiota, hatakuwa na koti la kuonesha. Ukitaka kupeleka vijana wazuri mwakani, hesabu kwa kurudi nyuma: mimba ni siku 31 hivi, kwa hiyo kijana wa miezi sita ifikapo Agosti mosi anatakiwa azaliwe mwisho wa Januari, na mama apandwe mwisho wa Desemba.

Peleka wawili, Shujaa na huyo jike utakayemchagua, kila mmoja kwenye kizimba chake, na muombe nafasi ya kupokezana: mmoja yupo mbele, mwingine amepumzika nyuma ya banda penye kivuli na utulivu. Agosti Mbeya usiku ni baridi, mchana jua ni kali, upepo unabeba vumbi, na paa la bati huchemka saa saba. Baridi sungura wako wanaiweza. Joto ndilo litakalowaua, hasa likipita nyuzi 30. Wape maji wakati wote, mmoja wa kilo nne anaweza kunywa hadi robo lita na zaidi kwa siku. Weka majani makavu uliyotoka nayo nyumbani. Andika kibao kikubwa cha kuomba watu wasiguse, na ukae hapo hapo mwenyewe, kwa sababu kibao hakimzuii mtoto.

Safari kutoka Mafinga hadi Mbeya ni karibu kilomita 250, na si ya baridi njia nzima. Ukishapita Makambako barabara inashuka kuelekea Igawa na Chimala, ukingoni mwa bonde la Usangu, ambako mchana kuna joto ambalo sungura wa Mafinga mwenye koti la baridi hajawahi kulihisi. Halafu ndipo unapanda tena kuelekea Uyole. Ondokeni alfajiri mpite Chimala jua halijakaza. Kama halmashauri inawabeba kwenye lori, vizimba visirundikwe katikati ya mizigo, hewa ipite. Kama ni basi, usikubali waingizwe kwenye buti, hata kondakta akisema nini. Tenga lenye matundu, majani makavu chini, sungura mmoja kila tenga, mapajani mwako au chini ya miguu yako. Maji uwape kila mnaposimama.

Ukirudi, Shujaa na mwenzake wasiingie moja kwa moja kwenye vizimba vyao vya zamani. Watenge mbali na wengine kwa wiki tatu au nne, wahudumie wa mwisho kila siku, na unawe mikono na kubadilisha nguo baada ya kuwagusa, kwa sababu wamekaa siku nane karibu na wanyama wa mikoa mingi. Wachungulie masikio kila wiki, usikilize chafya, uangalie miguu ya mbele upande wa ndani kama nilivyokueleza. Kama kuna jike unayetaka apandwe na Shujaa, asubiri mpaka siku hizo ziishe.